Mkanda Usio na Bizimu

Jumatatu, 9 Juni

Mkanda wa bunduki umekatika. Hatimaye! Najua neno hilo halimpendezi mtu wa umri wangu, lakini hili ni daftari la siri na mke wangu hawezi kusoma mwandiko wangu. Anasema ni kama kuku aliyepita na matope.

Nieleze kwa mpangilio, kama nilivyofanya darasani kwa miaka thelathini na minne. Mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu, tuna bunduki moja ya kuwindia. Moja tu. Tuliinunua pamoja wakati sote wawili tulikuwa bado na nywele. Leseni ni ya watu wawili. Mmoja akiacha, imekwisha. Kibali hutolewa mara moja kwa mwaka: siku moja, swala dume mmoja. Kwa hiyo tunapokezana. Mwaka huu anapiga yeye, mwaka ujao mimi.

Kukabidhiana zamu kuna utaratibu wake. Mkanda wetu ulikuwa wa turubai, wenye bizimu, yaani kile chuma cha kukazia na kulegeza, na matundu mawili yaliyochakaa. Tundu la Shemeji lilikuwa karibu na ncha, kwa sababu yeye ni mpana kama kabati la nguo. Tundu langu lilikuwa ndani kabisa, kwa sababu mimi ni mlango wa hilo kabati. Kila mwaka, Jumapili moja kabla ya safari, anayemaliza zamu huhamisha bizimu hadi kwenye tundu la mwenzake, kisha humvika bunduki. Tunakunywa chai. Miaka thelathini na moja.

Hesabu ya swala ni hii: Shemeji tisa, mimi wanane. Mwaka jana ilikuwa zamu yangu. Swala alisimama hatua arobaini mbele yangu. Aliondoka nikiwa bado nakadiria upepo. Upepo niliukadiria sawasawa kabisa.

Leo Shemeji ametoka kwa daktari wa mifupa. Goti limekwisha. Huu ni msimu wake wa mwisho, na kwa hiyo ni wangu pia. Na zamu ni yake! Alinikabidhi mkanda uliokatika, akasema mimi ndiye msomi wa vitu hivi, nitafute mwingine, na uwe wa heshima kwa kuwa ndio wa mwisho. Aliniamini kabisa. Ninaandika hilo ili nilikumbuke.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamka na wazo. Najuta kuwa nalo, lakini ni zuri.

Daftari letu la uwindaji lina kanuni saba, zote niliziandika mimi. Kanuni ya nne inasema: anayeibeba bunduki porini ndiye atakayepiga. Sababu ni usalama. Bunduki isipite mkono kwa mkono vichakani wakati mikono inatoka jasho na mioyo inadunda. Kanuni ya busara. Katika miaka yote hii haijawahi kumdhuru mtu.

Sasa fikiria mkanda unaomtosha mtu mmoja tu. Hauna bizimu. Hauna tundu. Umekatwa kwa kipimo cha mwili mmoja mwembamba. Shemeji hawezi kuuvaa. Asipouvaa, habebi. Asipobeba, hapigi. Na sijavunja kanuni hata moja! Nimelisoma daftari mara tatu kuhakikisha.

Nikaenda kwenye duka la vifaa vya wawindaji. Kwa kuwa hairuhusiwi kuzunguka mjini na bunduki mgongoni, nilibeba ufagio wa mti mrefu. Unalingana nayo, nimepima. Muuzaji, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hakucheka. Alinionyesha mikanda mitatu. Wa nailoni: mwepesi, hauozi, lakini unateleza begani kama sabuni. Wa kuvutika: unapunguza uzito, lakini mzigo unarukaruka mgongoni kama mtoto anayetaka kushushwa. Wa ngozi: mzito, unadai mafuta, lakini ukikaa umekaa. Nilijaribu yote kwa ufagio mbele ya kioo, huku nikimweleza mama yule faida na hasara za kila mmoja. Akasema hayo yote amenieleza yeye dakika mbili zilizopita.

Yote mitatu ina bizimu. Nikaulizia usio nalo. Akavua miwani. Akasema, "Mzee wangu, mkanda usio na bizimu si mkanda. Hicho ni kitanzi."

Watu wa biashara hawapendi mawazo mapya. Nikachukua ufagio wangu. Mlangoni mteja mmoja aliniomba nikishamaliza ndani nifagie na kibarazani.

Jumatano, 11 Juni

Fundi wa ngozi ana chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Ngozi zimeviringishwa pembeni, gundi inanukia, na meza ina alama nyingi za kisu kuliko mbao. Hutengeneza mikoba, mikanda ya suruali na viatu. Ana tabia ya kutafuna uzi anapofikiri, na hufikiri sana.

Nilimweleza. Ngozi ya shingo ya ng'ombe, nene, upana wa vidole vitatu. Uvaliwe kwa kuvuka kifua, bunduki ikae mgongoni, mikono yote miwili ibaki huru. Akauliza bizimu liwe la shaba au la chuma. Nikasema halipo. Akatafuna uzi.

Alinipima kuanzia bega la kushoto, akavuka kifua, akafika nyonga ya kulia, akazunguka. Kulikuwa na joto. Nilivaa shati la mikono mifupi. Akauliza kama huko porini alfajiri sitavaa koti. Nikamweleza jinsi misuli inavyozalisha joto mtu anapotembea. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaandika kipimo kama kilivyo.

Akauliza tena: na mwenzangu akitaka kubeba je?

Nikasema sina mwenzangu. Nilisema hivyo nikitazama viatu vilivyoning'inia ukutani.

Njia nzima kauli ile ilinifuata. Nikanunua machungwa. Mke wangu aliyapokea, akayanusa, akauliza nimefanya nini. Mara ya mwisho nilipoleta machungwa bila kuagizwa nilikuwa nimeiua redio yake.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya kufunga mkanda. Nieleze, kwa sababu hili watu wengi hulikosea.

Bunduki ina pete mbili za mkanda: moja mbele, chini ya mtutu, moja nyuma, kwenye kitako cha mti. Pete ya mbele ilikuwa nzima. Ya nyuma ilikuwa inacheza. Tundu la skrubu limepanuka. Dawa yake ni kutoboa jipya vidole viwili mbele ya la zamani. Kwanza hakikisha bunduki haina risasi. Nikahakikisha. Nikahakikisha tena. Nikamwita mke wangu naye ahakikishe. Kisha chagua ncha ya drili iliyo nyembamba kuliko skrubu. Ifunge utepe kuonyesha kina, usije ukatoboa hadi upande wa pili. Mwisho paka skrubu nta, ili iingie taratibu isipasue mti.

Niliilaza bunduki kwenye meza ya kulia chakula, juu ya kile kitambaa cha kufuma, ili kitako kisikwaruzwe. Mke wangu alisimama mlangoni. Nikawasha drili huku nikimweleza faida ya nta.

Ncha ilitoboa vizuri sana. Tatizo lilikuja wakati wa kuitoa. Ilinasa uzi mmoja wa kitambaa. Mmoja tu! Kitambaa kikapanda kwenye drili kama kinaitwa, kikaja na bakuli la sukari, kikaja na vikombe viwili, kikaja na picha ya harusi ya binti yetu. Ningeachia kitufe mapema, ila sentensi yangu ilikuwa haijaisha.

Kitambaa kilikuwa kazi ya mke wangu ya miezi minne.

Lakini tundu limenyooka! Nimelikagua kwa tochi.

Alasiri fundi alikuja na sindano zake mbili na uzi wenye nta, akashona ncha za mkanda kwenye pete papo hapo. Mshono hauonekani. Mkanda hauvuliki kwenye bunduki isipokuwa kwa kisu. Aliuliza kwa nini drili imevaa sweta.

Mke wangu amekaa kibarazani anafumua nyuzi moja moja. Ameuliza kaka yake anasemaje kuhusu mkanda huu. Nikasema bado hajauona, nataka ashangae.

"Atashangaa," akasema. Hakuinua macho.

Jumapili, 15 Juni

Makabidhiano. Shemeji alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, la mikono mirefu, amefunga hadi kifungo cha juu. Kwa ajili ya bunduki! Ana fimbo sasa. Aliigonga mlangoni badala ya kubisha hodi.

Nilimweleza kwamba mkanda huu unavuka kifua, tofauti na ule wa zamani wa begani, ili mikono iwe huru. Nikasema nimeuchagua kwa sababu ya goti lake. Anahitaji mkono wa fimbo.

Alinishika bega. Akasema hakujua kama nilikuwa nimelifikiria goti lake. Hapo ningeweza kuacha. Fundi yupo umbali wa mitaa mitatu. Ilikuwa saa nne tu asubuhi.

Sikuacha. Nikamvika.

Kichwa kilipita. Bega moja likapita. Mkono wa kulia ukapita nusu, ukagoma. Shemeji akabaki na mkono mmoja juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mke wangu alimvuta kiwiko, mimi nikavuta mkanda, kila mmoja upande wake. Shemeji alikuwa anapiga kelele, "Dada, vuta huko, si huku! Mwalimu, mimi ni mtu, si gunia!" Alicheka hadi machozi. Kifungo cha shati kikaruka hadi jikoni.

Tulipomtoa alikaa, akauweka mkanda magotini, akaupitisha vidoleni kutoka mwanzo hadi mwisho. Polepole. Kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya ukutani.

"Tundu langu liko wapi?"

Nikamweleza kuhusu kelele ya chuma. Nikamweleza kuhusu masikio ya swala, umbali ambao sauti husafiri asubuhi, na jinsi bizimu linavyogonga kitako mtu anapotembea. Nilieleza kwa muda mrefu. Nadhani ni somo zuri kuliko yote niliyowahi kutoa.

Alitikisa kichwa kukubali. Akasema basi nibebe mimi. Yeye atabeba chupa ya chai. Akasaini kwenye daftari la uwindaji bila kusoma.

Nimeshinda. Mke wangu alileta chai, akamimina vikombe viwili. Tulikuwa watatu.

Alhamisi, 19 Juni

Mazoezi uani. Kuvua bunduki mgongoni na kuilenga: sekunde nne. Nimerudia mara kumi na moja. Sekunde nne kila mara! Mwili unaujua mkanda na mkanda unaujua mwili.

Kasoro moja. Ngozi mpya inalia. Kila nikipumua, kwii. Nimeipaka mafuta, sasa inalia kwa sauti nene zaidi. Mke wangu alipita na ndoo, akauliza kinacholia ni mkanda au ni mimi.

Hajaniambia lolote la maana tangu Jumapili. Chakula ananipa, nguo ananifulia, lakini maneno ananipimia kwa kijiko.

Nilimpigia simu Shemeji kumweleza ukweli. Nilikuwa nimeandika maelezo kwanza, ukurasa mmoja na nusu, wenye utangulizi. Alipopokea, nikamuuliza hali ya hewa. Akasema redio imetangaza baridi na manyunyu, nisisahau sweta. Nikamshukuru. Nikakata.

Jumamosi, 21 Juni

Tumefika kwenye hifadhi. Kibanda chetu ni kilekile, vitanda viwili, dirisha lisilofunga. Shemeji alichukua kitanda kibaya kabla sijafika. Hufanya hivyo kila mwaka wa zamu yangu, ili mpigaji alale vizuri. Mwaka huu si zamu yangu. Nilitaka kumkumbusha, lakini ningeanzia wapi?

Afisa wanyamapori alikuja kukagua kibali. Anatujua miaka ishirini. Akauliza mpigaji ni nani. Shemeji akanielekezea fimbo: "Ni huyu. Mimi mwaka huu mpishi."

Afisa akafungua kitabu chake, akapitisha kidole, akasema kwenye kumbukumbu zake mwaka jana pia ni Mwalimu. Nikaanza kumweleza kanuni ya nne, chimbuko lake na madhumuni yake. Akasema hakuwa ameuliza.

Mke wangu alinifungia sweta la sufu, lile nene alilofuma mwenyewe. Juu yake aliweka machungwa mawili. Bila ujumbe.

Jumapili, 22 Juni

Naandika mchana, kibandani, na mikono yangu ni mizito. Nitaeleza yote. Nimemfundisha kila mtoto aliyepita mbele yangu kwamba jaribio lililoshindwa nalo huandikwa.

Alfajiri ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Nikavaa shati, sweta la sufu, koti. Nikachukua bunduki. Mkanda haukupita. Shemeji akanisaidia. Alibana kiwiko changu mbavuni, akasukuma, akahesabu moja mbili tatu, ukapita. Nikawa nimefungwa kama mzigo wa posta. Akaniuliza kama napumua. Nikasema ndiyo, kwa kifupi.

Manyunyu yakaanza. Sufu ikilowa huvimba. Nyuzi zake hunywa maji. Hilo nalijua tangu ujana. Nimelifundisha! Tulitembea nusu saa. Mbele, mimi, nikilia kwii kwa kila hatua. Nyuma, Shemeji, fimbo na goti na chupa ya chai. Hakulalamika hata mara moja. Kila nikigeuka ananionyesha kidole gumba.

Yeye ndiye aliyemwona. Alinigusa bega. Swala dume, peke yake, kwenye nyasi fupi, hatua thelathini. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu. Safari hii haukuhitaji makadirio. Sijawahi kumwona mnyama aliyesimama vizuri hivyo. Ungedhani amekuja kupigwa picha.

Bunduki ilikuwa mgongoni, chemba tupu bila risasi, kama kanuni ya pili inavyotaka. Nikashika mkanda kuivua. Ukaenda inchi moja, ukagoma. Nikavuta tena. Sufu imeushika. Nikainama. Nikainua mkono wa kulia, ukanasa juu. Nikajaribu kuuzungusha mkanda, nikazunguka mimi. Mara mbili. Kwii, kwii. Swala aliinua kichwa akatutazama. Hakukimbia. Nadhani alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile, akataka kujua mwisho wake.

Shemeji aliweka chini chupa ya chai. Akatoa kisu mfukoni, akakifungua bila sauti, akashika mkanda begani kwangu. Ninakumbuka pumzi yake sikioni.

"Nikate?"

Neno moja lilihitajika. Hata nusu. Mkanda ungekatika, bunduki ingemwangukia mikononi, na anayeibeba ndiye anayepiga. Tulikuwa na muda. Swala bado alikuwa amesimama.

Nikamnong'oneza asubiri kidogo. Nikamweleza kwamba ngozi hii ni ya shingo, sehemu yenye nguvu zaidi, kwamba mshono ni wa sindano mbili, kwamba nikishusha bega la kushoto huku nikitoa pumzi, kwa nadharia.

Swala aliondoka. Hakukimbia. Alitembea tu, kama mtu anayetoka kwenye mkutano uliorefushwa.

Nilisema ni kwa ajili ya ngozi. Haikuwa kwa ajili ya ngozi.

Shemeji alikifunga kisu. Akamimina chai kwenye kifuniko, akaninywesha mwenyewe, kwa kuwa mkono wangu mmoja ulikuwa bado juu. Tulirudi hivyo hadi kibandani. Huko alinitoa kwa kulivuta sweta kupitia mkono wa koti, hatua kwa hatua, kwa uvumilivu, kama daktari wa mifugo. Alicheka mara moja tu, pale mkono wa sweta ulipofika mlangoni na mimi nikiwa bado dirishani.

Baadaye alikaa kitandani kwake, kile kibaya, akitazama nje. Goti lilikuwa limevimba. Nikataka kusema kitu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na maelezo.

Jumanne, 24 Juni

Nyumbani. Mke wangu alitupokea mlangoni, akatutazama mikono. Shemeji akawahi kusema. Akasema tulimwona, alikuwa mzuri mno, lakini upepo uligeuka akatunusa. Bahati mbaya tu.

Amenidanganyia! Kwa dada yake mwenyewe!

Mke wangu alilitoa sweta kwenye begi, akalitandaza mezani ambako zamani kulikuwa na kitambaa. Mkono wa kulia umekuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa shubiri nzima. Akaupima kwa kiganja. Akanitazama. Akasema upepo wa huko ni mkali.

Nimelivaa jioni, kama adhabu. Mkono unafika gotini.

Ijumaa, 27 Juni

Shemeji amekuja. Alikuwa na kitu kwenye leso. Akakifungua polepole.

Bizimu! Lile la zamani. Mimi nilikuwa nimeutupa ule mkanda wa turubai pamoja na takataka. Mke wangu aliuokota, akampelekea kaka yake. Naye amelisugua kwa majivu na ndimu hadi linang'aa kama jino la dhahabu.

Akasema amerudi kwa daktari. Amemwomba, wamebishana, wamepatana: mwaka mmoja zaidi, akitembea polepole na asibebe kizito zaidi ya bunduki. Kwa hiyo mwakani tunakwenda. Zamu yake haikutumika, bado ipo palepale. Hakuna haja ya kuandika kanuni mpya wala kufuta ya zamani. Anaomba jambo moja.

"Weka hili, Mwalimu. Na unitobolee tundu langu. Basi."

Hakusema kwamba anajua. Lakini aliniangalia kwa muda, kama nilivyokuwa nikiwaangalia wanafunzi walionakiliana mtihani, na nikajua amejua tangu Jumapili ile alipopitisha mkanda vidoleni. Alijua, na bado alibeba chai.

Nililia kidogo. Nikamwahidi. Nikamwambia tundu lake litakuwa la kwanza kutobolewa. Mke wangu alitoka jikoni na chai. Vikombe vitatu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimefika kwa fundi wa ngozi kabla hajafungua mlango. Nimempa bizimu na mkanda, niliouvua kwenye bunduki kwa kisu. Amesema kazi ya nusu saa: kukata, kuunga kipande cha kurefusha, kushona, kutoboa. Wakati anafanya nikamsimulia yote, hadi pale pa kisu, hadi ile chai niliyonyweshwa. Sikujitetea. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Niliapa mbele yake kwamba sitarudia.

Bizimu limekaa vizuri mno. Kisha akashika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea, akauliza matundu mangapi.

Swali la kawaida. Nikafungua mdomo kujibu mawili.

Hapo nikafikiri. Ngozi, nieleze, hudhoofika kila inapotobolewa. Tundu likikaa mwaka mzima bila kutumika hukusanya maji na vumbi, na kingo zake huanza kuoza. Huo ni ukweli wa kisayansi. Tena mtu wa umri wa Shemeji mwili wake hubadilika. Ndani ya mwaka anaweza kupungua au kuongezeka, na tundu likawa si lake tena. Kumtobolea sasa ni kumkosea heshima. Jambo la busara ni kumtobolea siku yenyewe ya kuondoka, kwa kipimo cha siku hiyo. Msharasi nitaubeba mimi. Nikiukumbuka.

Nikasema moja.

Fundi aliacha kutafuna uzi. Akauliza la nani.

Nikatazama vile viatu ukutani. Vipo vilevile, havijapata mnunuzi.

Safari hii nimepimwa nikiwa na sweta.